Mjukuu wa Mwamikazi Aliyeishi Doonside

Katika Waafrika wote waliokuwa wakipanda treni pale Doonside, magharibi mwa Sydney, mmoja tu ndiye aliyekuwa na damu ya kifalme, na habari hiyo aliitangaza mwenyewe. Jina lake Verdiane, mjane wa miaka hamsini na tatu, mtunza wazee katika nyumba moja ya Seven Hills, mama wa mtoto mmoja aitwaye Trésor. Alikuwa mfupi, mnene kiasi cha kupendeza, na kanisani alikuwa na mkao wake: mgongo wima, mkoba juu ya magoti, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kwao, kwenye milima ya Kivu, mfalme huitwa mwami na mkewe mkuu huitwa mwamikazi. Basi Wakongomani wenzake walimwita Mwamikazi. Nusu yao walimaanisha, nusu walimtania, na yeye aliwaitikia wote kwa upole uleule.

Mambo yalianza na Misis Beryl. Huyu alikuwa bikizee wa Kizungu pale nyumba ya wazee, na ukutani kwake, mahali ambapo wenzake walitundika picha za wajukuu, alikuwa ametundika nasaba ya malkia mmoja wa Ulaya, mke wa mfalme. Karatasi ile ilianzia darini ikashuka mpaka nyuma ya kiti, mababu wa miaka mia tisa, mistari imepita huku na huku. Misis Beryl hakuwa na undugu wowote na malkia yule. Baba yake alikuwa muuza nyama. Lakini ukimsikia anavyowasema mashangazi wa malkia, utadhani jana tu walikunywa chai pamoja wakakosana.

Kila asubuhi, Verdiane akimchana nywele, bikizee alimuuliza kama kwao kuna simba, na kama watoto huvaa viatu. Alijibu vizuri mwezi wa kwanza, akajibu vizuri mwezi wa pili. Mwezi wa tatu uvumilivu ulimwishia. Akaweka kitana chini, akasema kwamba bibi yake alikuwa malkia, na ili kumaliza ubishi akayataja majina tisa ya mababu wa malkia huyo bila kuvuta pumzi. Misis Beryl hakuuliza tena habari za viatu. Tangu siku hiyo, akitaka kuinuliwa kitini, alinyoosha mkono taratibu, kama mtu mkubwa anayempa mkono mtu mkubwa mwenziwe.

Sasa, majina yale tisa yalikuwa ya kweli kabisa. Uongo ulikuwa kwenye bibi tu.

Namwezi, mwamikazi wa Cirambo, kilima kidogo chenye watu wengi na majivuno mengi, alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi, kabla hajaonja maziwa, aliyemletea bakuli alipaswa kupiga magoti na kutaja mababu wa mwamikazi, tisa kamili, bila kuruka. Ukikosea, unapigwa kofi, maziwa yanamwagwa, unaanza upya. Mbeba bakuli alikuwa msichana aitwaye Nsimire, na huyo Nsimire ndiye aliyekuwa bibi yake Verdiane, mzaa mama yake. Alibeba bakuli lile miaka ishirini na mbili. Alipozeeka, hana tena wa kumpigia magoti, aliendelea kutaja majina yale akiosha vyombo, akipalilia, akimsuka mjukuu wake. Verdiane aliyameza kabla hajaota magego.

Uongo ule ulitoka Seven Hills ukafika kanisani wenyewe, kwa miguu yake. Verdiane hakuusukuma, ila hakuuzuia pia. Akajikuta anawekewa kiti cha mbele. Kwenye harusi chakula kilianzia mezani kwake. Wanawake waliogombana walimletea kesi zao, naye akaamua, na tuseme haki, aliamua vizuri. Mtu aliyefika nchi ya watu na mfuko wa plastiki wa wakimbizi mkononi, leo anaitwa Mwamikazi. Aliupenda sana uongo wake. Miaka kumi na moja aliuvaa, haukumbana popote.

Ndipo likaja lile la corona la 2021, mji ukafungwa, na upande wao wa magharibi ukafungwa kuliko wengine. Mwisho wa safari kilomita tano, polisi barabarani, kanisa ndani ya simu. Trésor alikuwa na ruhusa ya kwenda kazini ghalani, na siku alipokwenda kuchomwa chanjo alisimama foleni nyuma ya msichana mmoja aitwaye Clarisse. Foleni ilichukua saa tatu. Walipofika kwenye sindano walikuwa wamekwisha kupendana. Clarisse alikaa Cabramatta, mbali kuliko zile kilomita tano, kwa hiyo mapenzi yakaendeshwa kwa simu majira ya baridi yote, na Verdiane, aliyekuwa akiomba wajukuu kwa kufunga na kusali, alipita mlangoni mwa mwanawe kwa kunyata ili asiwakatize.

Jioni moja Trésor alitoka chumbani anacheka.

"Mum, you won't believe this. Koko wa baba yake Clarisse, bibi yake, ni Namwezi. Mwamikazi. Same as yours."

Kisha akaacha kucheka, maana naye alikuwa anajua kuhesabu.

"Wait. So we're cousins?"

Verdiane alikuwa anakaanga samaki. Alimgeuza samaki yule, akamgeuza tena, akamgeuza mpaka akavunjika vipande. Vilima vyote vya Kongo, wake wote wa wafalme, na katika mji wa watu milioni tano, mtoto wake alikuwa amekwenda kusimama nyuma ya kitukuu wa Namwezi mwenyewe. Na familia ile ilikuwa imehamia Sydney miaka miwili tu, wanasali kwingine, wala hawakuwa wamemwambia mtu kwamba wao ni wa ikulu. Wenye nazo ndivyo walivyo.

Kwao, kabla ya neno lolote la ndoa, nyumba mbili huketi zikahesabu wazee. Mkikutana kwa mzee mmoja ndani ya vizazi vinne, ndoa imekufa, hata kama watoto wameshonewa nguo. Papa Méthode, baba mkubwa wa Clarisse, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande ule, kwa sababu baba mzazi hasemi katika jambo la binti yake. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa utaratibu. Alimpigia simu Symphorien, shemeji yake Verdiane, akamwambia kwa heshima zote kwamba wamesikia sifa za Mama Trésor, na kwamba mwamikazi alikuwa na binti mkubwa aliyetorokea Bujumbura na karani, zamani za Wabelgiji, asisikike tena. Inaelekea Mama Trésor ni mtoto wa huyo. Kama ni hivyo, wanamkaribisha nyumbani kwa machozi ya furaha, na harusi hakuna. Jumamosi wahesabu wazee kwenye Zoom, jambo liishe.

Symphorien, ambaye naye aliuamini uongo ule na kuutumia kujipatia viti, alikuwa na dawa: mbuzi mweupe wa kukata undugu. Anachinjwa, kila upande unakula nusu yake, undugu umekatika. Shida ilikuwa kwamba ndani ya kilomita tano za Doonside hakukuwa na mbuzi. Kulikuwa na bustani ya wanyama yenye kangaruu, nayo imefungwa. Hata hivyo Papa Méthode alishasema kwamba wao ni watu wa kanisa, hawakati undugu kwa nyama.

Verdiane alimweleza ukweli mtu mmoja tu, Wilkister, muuguzi Mkenya wa pale kazini, siku ya Alhamisi, wameketi chumba cha mapumziko kila mmoja kwenye kona yake na barakoa kidevuni. Wilkister alicheka mpaka akamwaga chai.

"Wewe nawe, unaogopa aibu ama unataka wajukuu?" akamuuliza. "Mficha uchi hazai, dada. Amka useme, uaibike siku moja, iishe."

Kusema ni rahisi ukiwa si wewe utakayesema. Verdiane alipata njia nyingine, njia ya katikati. Siku ya Jumamosi angejifanya amesahau. Angetaja majina mawili matatu, akwame, aseme uzee, aseme vita, aseme huenda hata ni mwamikazi wa kilima kingine. Wangeona hajui kitu, wangemtoa katika ukoo kwa huruma, watoto waoane, na yeye abaki na nusu ya heshima yake. Alijifunza kukwama mbele ya kioo, Ijumaa yote.

Jumamosi saa kumi na moja jioni, Bukavu ikiwa saa tatu asubuhi, nyuso zikajitokeza kwenye kompyuta. Symphorien alifungua kwa salamu, maombi na historia ya urafiki wa mataifa, na ule mkutano wa bure hukatika baada ya dakika arobaini, kwa hiyo ulikatika hajafika kwenye jambo. Waliporudi, Papa Méthode alikuwa na miwani na daftari. Clarisse alikaa nyuma ya wazazi wake, macho yamemvimba. Na kwenye kijisanduku cha pembeni, kutoka Bukavu, kulikuwa na paji la uso na kitambaa cheupe: huyo ni Koko Emerance, mama yake Papa Méthode, bibi yake Clarisse, mwanamke wa miaka themanini na minane, binti wa mwisho aliyebaki wa mwamikazi Namwezi.

Papa Méthode akaanza kuhesabu wa kwao.

"Namwezi wa Ntakwinja. Ntakwinja wa Bahizire. Bahizire wa Cirhuza. Cirhuza wa Kalinda..."

Verdiane alihisi mgongo wake unanyooka wenyewe. Ameruka mtu. Kati ya Cirhuza na Kalinda kuna Rwabika. Mzee mzima, mwalimu, mjukuu wa mwamikazi mwenyewe, na daftari mkononi, amemruka Rwabika! Aliuma ulimi. Akajaribu kufikiria wajukuu. Alikuja pale kusahau. Lakini bibi yake alikuwa amekula makofi mangapi kwa ajili ya Rwabika huyo?

"Umeruka Rwabika," alisema.

Papa Méthode akashika miwani. Verdiane, sasa maji yamekwisha kumwagika, akampitisha mstari wote, kutoka Namwezi mpaka wa tisa, na wapi walizaliwa, na nani alikuwa mdogo wa nani. Symphorien alikuwa anatikisa kichwa kwa fahari, mjinga yule. Papa Méthode alifunga daftari lake taratibu.

"Mama Trésor," akasema, "hata siye wa nyumba hatujui hivyo. Hii ni ya mutoto wa ndani kabisa. Karibu kwenu, dada yangu. Na pole kwa batoto."

Clarisse akafunika uso. Trésor, aliyekuwa amekaa kando ya mama yake, aliinuka akaenda dirishani, na mgongo wake ulikuwa unatetemeka. Verdiane alikuwa hajauona mgongo ule ukitetemeka hivyo tangu kambini, mtoto akiwa na miaka sita. Hapo hakuna tena njia ya katikati.

"Mimi si wa ile nyumba," alisema.

Akaeleza yote. Kitana, Misis Beryl, viatu, kiti cha mbele. Kwamba bibi yake hakuwa mwamikazi. Alikuwa mbeba bakuli. Sauti yake ilianza kubwa ikawa ndogo, na alipofika mwisho alikuwa ameinamisha kichwa, anazungumza na vitufe vya kompyuta. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yeye yake ilivuliwa mbele ya watu kumi na wanne, Symphorien akiwamo, ambaye kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuwa na la kusema.

Na unajua nini? Hawakumwamini. Papa Méthode alitabasamu kwa huzuni, akasema moyo wa mama ni moyo wa mama, yuko tayari kujishusha mpaka jikoni ili mwanawe aoe. Hilo wanaliheshimu. Lakini undugu hauondoki kwa kuukana. Kama ana ushahidi autoe.

Verdiane alikasirika. Miaka kumi na moja amesema uongo, ukaaminiwa bila cheti. Leo kasema kweli, anaombwa ushahidi.

"Sawa," alisema. "Basi nitawasomea ya jikoni."

Maana kulikuwa na nasaba mbili. Moja ilitajwa kwa magoti mbele ya mwamikazi. Ya pili ilitajwa na wabeba bakuli wenyewe, wakirudi na bakuli tupu, kwa sauti ya chini, wakicheka. Verdiane alizijua zote.

"Namwezi wa Ntakwinja, mwenye matege. Ntakwinja wa Bahizire, aliyekimbizwa na jogoo akapanda mti. Bahizire wa Cirhuza, aliyekula maharage ya wageni akasema ni panya. Cirhuza wa Rwabika, aliyelala msibani kwa mama yake akakoroma..."

"Mama Trésor," alisema Papa Méthode.

"Sijamaliza. Na Namwezi mwenyewe. Mwamikazi haruhusiwi kuonekana anatafuna. Mbele ya watu anakunywa tu. Basi jua likizama alikuja jikoni na njaa yake, akakaa chini na wabeba bakuli, akala viazi vitamu vya jana, vilivyopoa, kwa mikono miwili. Na mlangoni alimweka mtoto wa kuangalia kama kuna mtu anakuja."

Papa Méthode alikuwa amesimama. Alikuwa anasema kwamba hili ni tusi, kwamba ukoo wake haujawahi, kwamba mkutano umefungwa. Ndipo ikasikika sauti kutoka kijisanduku cha pembeni, ikakatika, ikarudi, na ilichukua muda watu kuelewa kwamba ni kicheko. Kitambaa cheupe kilikuwa kinacheza. Simu ya Bukavu ilielekezwa vizuri, na kwa mara ya kwanza uso mzima wa Koko Emerance ukaonekana, hauna jino la mbele, machozi yanamtoka.

"Méthode, kaa chini," alisema. "Ule mutoto wa mulango ni mimi."

Papa Méthode akakaa.

"Nilikuwa na miaka tano, sita. Mama aliniambia, ukisema kwa mutu, nitakufa na njaa. Sikusema kwa papa yenu. Sikusema kwenu. Dada yangu ule wa Bujumbura hakujuaka, mama alimuficha, kwa sababu alikuwa anaripoti yote kwa baba. Hii mambo inajulikana na mimi na bale bamama ba jikoni tu." Akasogeza simu karibu mpaka jicho lake likajaa kijisanduku. "Uko mutoto ya nani, wewe?"

"Mjukuu wa Nsimire, Koko."

Koko Emerance akajifuta machozi. Kisha akasema kwamba Nsimire ndiye aliyembeba mgongoni, kwamba mpaka anakwenda kwa masista alikuwa analala mkekani kwa Nsimire, si kwa mwamikazi. Akamwambia Méthode asiwatese watoto, hakuna undugu hapo, waoane corona ikiisha, na isipoisha waoane hivyohivyo. Clarisse alipiga kelele. Trésor alirudi kutoka dirishani, akamkumbatia mama yake kutoka nyuma, kwa nguvu mno. Symphorien alipata ulimi wake, akaanza kushukuru Mungu na serikali.

Lakini Papa Méthode alikuwa mwalimu. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mpya. Alisema hesabu ya Mama Trésor iliyofanyika ni ya watu wengine, kwa hiyo imefutika, na utaratibu unataka nyumba ya mama ihesabiwe nayo. Aanze, tafadhali. Alisema bila ubaya, kalamu tayari.

Verdiane alikohoa. Hii si kazi kubwa kwa mtu mwenye kichwa kama chake.

"Mimi ni Verdiane wa Anésie," alisema. "Anésie wa Nsimire. Nsimire wa..."

Akangoja jina lije. Halikuja. Alingoja zaidi, kwa sababu siku zote yalikuja. Kumbe hapakuwa na kitu. Ntakwinja alikuwapo, na Bahizire na jogoo wake, na Rwabika na kukoroma kwake, wanaume tisa waliokufa wasiomhusu, wamejaa kichwani mwake wamekaa kila mahali. Wa kwake walikuwa wawili. Nsimire alimsomea mababu wa mwamikazi mchana kutwa kwa miaka kumi na nne, mpaka anakufa, wala hakuwahi kumtajia jina la mama yake mwenyewe. Na yeye hakuwahi kumuuliza. Aibu iliyomshika hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya uongo, maana hii haikuwa na wa kumchekesha.

"Sijui," alisema. "Hapo naishia. Sikumuuliza."

Papa Méthode alishusha kalamu, akasema haidhuru, vita vimekula majina mengi. Ila Koko Emerance alikuwa amefumba macho.

"Nabintu," alisema.

"Koko?"

"Nsimire wa Nabintu. Alikuwaka anamuita akilala. Mimi nalala naye mukekani, nasikia, Nabintu, Nabintu. Siku moja nikamuuliza, ni nani? Akasema ni mama yangu, anafinyanga nyungu, mukono yake moja haina kidole. Walinitoa kwake niko mudogo. Akaniambia, usiseme kwa mutu." Bikizee akafumbua macho. "Na ile pia sikusemaka."

Papa Méthode akaandika. Verdiane alijaribu kulitamka, midomo ikakataa, akajaribu tena. Aliyelisema ni Trésor, ambaye tangu aanze shule ya huku alikuwa anamjibu mama yake kwa Kiingereza. Aliegemea kompyuta, akasema kwa Kiswahili chake kizito:

"Mimi ni Trésor wa Verdiane, wa Anésie, wa Nsimire, wa Nabintu."

Verdiane alikuwa analia waziwazi, mgongo umepinda, kamasi zinamtoka, hajali nani anamwona. Alijifuta kwa kiganja, akaishika kompyuta kwa mikono miwili.

"Kidole gani, Koko?" aliuliza. "Ni kidole gani hakikuwepo?"

Koko Emerance akafikiri. Kisha akauinua mkono wake wa kushoto mbele ya simu, akakikunja cha mwisho.